Sare ya Kijino

Sare ilimalizika siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mvua ikiwa bado inanyesha. Bibi alifunga fundo la mwisho chini ya kola, akakata uzi kwa meno mawili yaliyombakia upande wa kushoto, kisha akalikung'uta gauni mara mbili ili vipande vya nyuzi vidondoke. Lilikuwa gauni la bluu lenye kola nyeupe, vifungo vinne mbele na mfuko mmoja upande wa kulia. Alilipitisha pindo lote kwenye kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayesoma, akaridhika.

"Mke mwenzangu," alimwita mjukuu wake, "njoo ujaribu."

Kijino alitoka nyuma ya pazia. Aliitwa hivyo kwa sababu jino lake la mbele lilichelewa kuota, na lilipoota watu walikuwa wameshazoea. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akajifuta, ndipo akavaa. Gauni lilimkaa vizuri mabegani na kumpwaya kidogo kiunoni, kama inavyotakiwa nguo ya mtoto anayekua.

"Limekupenda," alisema Bibi.

Sare hiyo ilimchukua Bibi mwaka mmoja na miezi minane. Si kwamba mkono wake ulikuwa mzito. Watu wa Kokoto hushona siku za mvua tu, kwa kuwa siku kavu ni za nyundo, na mvua za karibuni zilikuwa bahili. Waliishi chini kwenye machimbo ya zamani, nyumba zao zikiwa zimeegemea ukuta wa mwamba, na kazi yao ilikuwa kuvunja mawe makubwa yawe kokoto za kujengea nyumba za wengine. Watu wa mjini walizinunua kokoto, lakini mvunja kokoto akiketi kwenye benchi, wao husimama. Walisema vumbi lile linaambukiza.

Shuleni kulikuwa na Mwalimu Mkuu mpya aliyependa unadhifu. Aliweka ubao langoni: HAKUNA KUINGIA BILA SARE KAMILI. Kijino, aliyekuwa na miaka tisa na gauni lenye viraka, aliusoma ubao huo mwenyewe, neno kwa neno, kisha akarudi nyumbani. Huko ndiko kulikuwa kusoma kwake kwa mwisho. Bibi alikwenda kwa muuza vitambaa, na yule mwanamke akampimia, halafu akaongeza kiasi cha kiganja na kutazama pembeni kama vile mkono wake umeteleza. Bibi hakumsahau kwa hilo.

Alipokuwa ameshamaliza mkono mmoja wa gauni, mama yake Kijino alifariki. Kifua kilikuwa kimejaa vumbi la miaka mingi, hakikuwa na nafasi ya kitu kingine. Na kule machimboni nafasi si ya mtu, ni ya nyundo. Nyundo ikikaa siku saba bila kusikika, Msimamizi humpa nafasi ile mwingine, na familia hutoka nyumbani pamoja na nafasi yake. Bibi alijaribu, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa haupandi tena juu ya bega. Siku ya sita Kijino aliichukua nyundo ya mama yake, akaenda kukaa pale alipokuwa akikaa mama yake. Hakuna aliyemwambia achukue, na hakuna aliyemwambia aache.

Kwa hiyo Jumanne ile aliivaa sare kwa muda unaotosha kunywa kikombe cha chai. Mvua ilikatika. Nje nyundo ya kwanza ikaanza, na ya pili. Kijino alifungua vifungo vinne, akaitundika sare msumarini, akatoka.

Jumatano kengele ya shule ilipogongwa, sare ilishuka msumarini. Ilitoa bega moja, kisha la pili, ikajinyoosha, ikapita mlangoni kwa kimo kilekile ambacho Kijino angekuwa nacho. Bibi alikuwa jikoni akipuliza moto. Aliisogeza sufuria isije ikaipaka masizi.

Jirani yake, Mama Pacha, alikuwa akimwaga maji nje.

"Bibi, sare yako hiyo inaelekea wapi?"

"Shule."

"Mm. Afadhali yake." Aliitazama inavyopanda njia. "Na kola imekaa, jamani. Mkono wako haujazeeka."

Bibi alijifunga kanga, akaifuata kwa mbali mpaka langoni. Mlinzi aliitazama sare juu mpaka chini.

"Viatu?"

"Bwana, haina miguu," alisema Bibi.

Mlinzi akageuka, akausoma ubao, akausoma tena. Alikuwa mtu wa haki. "Hapa pameandikwa sare," alisema. "Hii ni sare, na imekamilika. Mengine hayamo." Akafungua lango.

Darasani jina la Kijino liliitwa kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mkono wa gauni ukainuka. Mwalimu wa darasa akatia alama kwenye daftari la mahudhurio, akaendelea na jina linalofuata.

Jioni sare ilirudi na chaki kwenye mikono yake, na Kijino akarudi na vumbi la mawe kwenye yake. Bibi alifua nguo zote kwenye beseni moja, na maji yakawa meupe vilevile. Kijino alitia mkono mfukoni mwa sare, akatoa kipande cha chaki na penseli iliyochongwa pande zote mbili.

"Mmefundishwa nini?" aliiuliza.

Sare ilikuwa imeshatundikwa. Nguo haina mdomo, na mwanafunzi aliyetoka shule huwa amechoka.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Sare ikawa ya kwanza kwa hesabu, ya pili kwa insha. Kwa kuimba ilipewa sifuri, mwalimu akaandika kwamba inaweza ila haijitahidi. Watoto waliokaa nayo dawati moja waliipenda kwa sababu haikuchukua nafasi. Kijino alifika miaka kumi na minne, mabega yakapanuka kwa ajili ya nyundo. Sare haikukua hata kidogo.

Bibi alitambua kitu kimoja katika miaka hiyo. Mtoto alikuwa na mkono wa kushona. Wavunja kokoto hushika jiwe kwa mkono mmoja na kuligonga kwa mwingine, na wengi wao hawana kucha kamili. Kijino alikata mpira wa ndani wa tairi, akaushona pamoja na kitambaa cha gunia, akatengeneza vifuko vya vidole, kila kimoja kwa kipimo cha mwenyewe. Hakumwuzia mtu. Alishona cha Mama Pacha kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa akilia.

"Sasa nikipiga jiwe nakosa la kulalamikia," alisema Mama Pacha. "Umeniharibia mazungumzo."

Ndipo akaja Dada wa Mradi. Gari lake lilishindwa kushuka, akashuka kwa miguu, viatu mkononi, akasalimia kila mlango na kuwaamkia wazee kwa adabu. Alikuwa ametumwa kutafuta wasichana waliokosa shule. Darasa la ushonaji lingefanyika katika ukumbi karibu na tangi la maji, alasiri tatu kwa wiki, kwa miezi tisa. Asubuhi ya siku hizo wangefundishwa pia kusoma na kuandika, kwa atakayeweza kufika. Anayemaliza angeondoka na cherehani yake.

Alipoviona vifuko vya vidole, alikaa kitako juu ya lundo la mawe bila hata kulipangusa. Alivigeuza ndani nje.

"Nani kashona hivi?"

Kijino alinyoosha kidole chake kifuani.

"Mdogo wangu, wewe huhitaji kufundishwa. Wewe unahitaji cherehani tu na mtu wa kukuonyesha inavyokatwa kola." Akatoa fomu. "Tunachukua walio nje ya shule. Nilete­e barua ya Mwalimu Mkuu kwamba jina lako halimo kwenye daftari lake. Ijumaa ya wiki ya tatu nafunga orodha."

Bibi alikwisha kupiga hesabu ya nafasi. "Hizo alasiri tatu nitakaa mimi na nyundo," alimwambia mjukuu wake. "Nitagonga kwa kushoto. Msimamizi anasikiliza mlio, hatazami mkono."

"Utaumia, Bibi."

"Nimeumia bila cherehani miaka sitini. Sasa niumie na cherehani, nione tofauti."

Siku ile Kijino alirudi kazini akikimbia, na Bibi alikuwa hajamwona akikimbia tangu mama yake azikwe.

Kesho yake Bibi alipanda shuleni. Mwalimu Mkuu alimpa kiti. Alimwamuru mtu alete maji, na maji yakaja katika kikombe cha plastiki kilichokaa peke yake dirishani, mbali na bilauri nyingine. Bibi alikijua ni cha Watu wa Kokoto. Alikunywa, kwani alikuwa amepanda mlima, na maji ni maji.

"Mwalimu, naomba barua. Mjukuu wangu hayuko shuleni."

Mwalimu Mkuu alifungua daftari, akateremsha kidole. "Mama, mjukuu wako hajakosa hata siku moja kwa miaka mitatu. Mimi mwenyewe nimekosa."

"Anayekuja ni gauni."

"Najua ni gauni. Nina macho." Hakuwa mkali. "Lakini jina ni la nani?"

"La mjukuu wangu."

"Likiitwa, mkono unainuka hauinuki?"

"Unainuka."

"Sasa unataka niandike kwamba aliyeinua mkono hayupo?"

"Mtoto mwenyewe yuko kwenye mawe, Mwalimu. Saa hii hii. Ukitega sikio utamsikia."

Mwalimu Mkuu, aliyekuwa na adabu, alitega sikio. Dirishani iliingia milio ya nyundo, mingi kwa pamoja, kama mvua ya mawe juu ya bati la mtu mwingine.

"Siwezi kujua upi ni wake," alisema.

"Wake ni ule unaopiga mara mbili halafu unapumzika."

Alisikiliza kidogo tena, kisha akalifunga daftari. "Kanuni inasema mwanafunzi akikosa siku kumi na nne mfululizo, jina hukatwa. Mimi siwezi kukata kabla. Na nakusihi, mama, usifanye hivyo. Watu wenu hawajawahi kutoa wa kwanza kwa hesabu."

Siku kumi na nne zilikuwa zinatosha, zikianza kesho. Jioni Bibi aliitoa sare msumarini, akaikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, akaitia kwenye sanduku la bati na kufunga komeo. Asubuhi kengele ilipolia, sare ilibisha kutoka ndani. Haikubisha kwa nguvu. Ilibisha kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka nje. Bibi alikalia sanduku mpaka saa nne.

"Nisamehe," aliiambia. "Wewe huna kosa."

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya tatu, alasiri, Mwalimu wa darasa alishuka machimboni.

Alikuwa msichana bado, mwembamba, viatu vimepigwa rangi. Hakuna mwalimu aliyewahi kushuka kule. Kijino aliporudishwa langoni hakuja mtu, na mama yake alipozikwa hakuja mtu. Sasa huyu alikuja ana jasho, na mkononi ana kurasa za masomo ya siku tatu alizonakili kwa mwandiko wake mwenyewe, ili mwanafunzi asiachwe nyuma. Chini ya kurasa hizo kulikuwa na barua ya onyo kwa mzazi.

"Anaumwa?" aliuliza kabla hajaketi.

"Haumwi, mwanangu. Yumo sandukuni."

Mwalimu alilitazama sanduku, machozi yakamlengalenga. "Huwa hakosi," alisema. "Darasa limekaa vibaya bila yeye."

Bibi alimwita Kijino. Akaja na nyundo, nywele nyeupe kama za bibi yake, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, ni mimi. Lile jina ni langu."

Mwalimu alimwangalia kwa upole, kwa muda mrefu, akimtafuta. "Naona," alisema. "Mabega ni yaleyale." Akafikiri. "Basi kesho ivae uje nayo. Mwalimu Mkuu awaone wote wawili mahali pamoja. Yataisha."

Kesho yake Bibi alikaa na nyundo, akagonga kwa mkono wa kushoto. Yaliyotokea shuleni aliyajua baadaye kwa Kijino mwenyewe, ambaye aliyasimulia bila kupandisha sauti.

Sare ilimbana kwapani, na kifungo cha juu hakikufika kwenye tundu lake. Mlinzi alimfungulia lango. Darasani aliketi kwenye dawati ambalo sare ilimwongoza, na mwenye kukaa pembeni akanung'unika kwamba leo hakuna nafasi. Jina lilipoitwa, mkono uliinuka, na mkono wa Kijino ukiwa ndani yake. Kulikuwa na hesabu ya sehemu ubaoni. Sare ilikuwa imezoea kutoka mbele, ikamvuta, akaenda. Akashika chaki. Mkono wa gauni ulijua pa kwenda na mkono wa Kijino haukujua, kila mmoja ukavuta kwake, na mstari ukatoka nje ya ubao hadi ukutani.

Watoto walicheka kidogo. Mwalimu wa darasa aliwanyamazisha, kisha akamwita Mwalimu Mkuu, kama walivyokubaliana.

Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni. Alimtazama Kijino, miguu mitupu, vidole vyenye vifuko vya mpira, kifungo kilichoachwa wazi.

"Ni nani huyu," aliuliza, "aliyemvaa mwanafunzi wetu?"

Mwalimu wa darasa alianza kueleza, ila maelezo yalikuwa marefu na ya Mwalimu Mkuu yalikuwa mafupi: aivue. Kijino aliivua sare. Chini yake alikuwa na nguo yake ya kazi, kwa hiyo hakuaibika sana. Sare ilichukua chaki, ikafuta mstari ule uliopotea, ikamaliza hesabu. Kijino alisimama mlangoni kusubiri jibu.

"Lilikuwa robo tatu," alimwambia Bibi. "Mimi nilidhani litakuwa kubwa kuliko hapo."

Kuanzia siku ile, kwa usalama wa mwanafunzi, Mwalimu Mkuu aliamua sare isirudi tena machimboni. Ilitundikwa nyuma ya mlango wa ofisi yake, kwenye kiango cha mbao, na mke wake ndiye aliyeifua, kwa sabuni ya unga. Bibi alipata kuiona mara moja. Ilikuwa safi. Hakuweza kusema vinginevyo.

Ijumaa ya wiki ya tatu alikwenda ukumbini. Cherehani zilikuwa zimeshapangwa, zimefunikwa vitambaa. Dada wa Mradi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo nalo ni jambo.

"Bibi, nakuamini."

"Basi mwandike."

"Fomu ina visanduku viwili. Yuko shuleni, hayuko shuleni. Siwezi kutia alama vyote viwili."

"Tia kile cha kweli."

Dada aliishika kalamu, akaiweka chini. "Cha kweli ni kile chenye muhuri, Bibi. Nikiandika tofauti watakagua, watanifukuza na ukumbi wataufunga, na hawa wengine je?" Alifungua mkoba wake mwenyewe, akatoa pakiti ya sindano za mkono, akaitia kwenye kiganja cha Bibi na kukifumba. Zilikuwa sindano nzuri, zenye tundu pana linalofaa macho ya mzee.

Darasa lilianza Jumatatu. Wasichana wanne wa Kokoto walipokelewa, wale ambao hakuna aliyewahi kuwashonea sare. Alasiri, upepo ukivuma kutoka upande wa tangi, mlio wa cherehani ulifika mpaka machimboni. Bibi aliketi mlangoni, akiitazama mikono yake.

"Kama nisingeshona," alisema siku moja.

Kijino alikuwa akimchagulia Bibi mawe kwenye mchele. "Mshono ulikuwa mzuri, Bibi," alisema, akaendelea kuchagua.

Miezi tisa ilipokwisha, wale wanne walihamia mjini na cherehani zao, na mmoja wao alimrudia Kijino na mkasi mdogo uliokuwa umezidi. Mradi ulifunga ukumbi, kwa kuwa muda wake ulikuwa umekwisha. Sare ilifanya mtihani wa mwisho ikafaulu kuliko wote. Siku ya kukabidhi vyeti mgeni wa heshima alipeana mkono na ule mkono wa gauni, wapiga picha wakapiga, na sare ikapelekwa shule ya bweni mbali sana, kwa gari la serikali.

Mwisho wa mwaka mradi ulitoa kalenda. Dada alimtumia Bibi moja, imefungwa vizuri kwenye karatasi. Mwezi wa kwanza ulikuwa na picha ya sare imeshika cheti, na chini yake maneno: BINTI WA KOKOTO AREJEA SHULENI. Kijino hakuweza tena kuyasoma yote, Mama Pacha hakuweza kabisa, lakini walielewana.

"Umetoka vizuri, Kijino," alisema Mama Pacha. "Ila umekonda."

Kijino alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akarudi kwenye mawe yake, kwa kuwa jua lilikuwa bado lipo.

Picha ile iliwafurahisha wakubwa. Katika mwezi wa pili Msimamizi aliwakusanya watu akasoma amri. Jina la kila mtoto wa Kokoto liwe kwenye daftari la shule ifikapo mwanzo wa muhula, na nyumba isiyo na jina itapoteza nafasi machimboni. Mtu mmoja aliuliza, na nyundo atashika nani? Msimamizi aliigeuza karatasi nyuma akatazama. Alisema la nyundo halikuandikwa, kwa hiyo nyundo ziendelee kusikika kama kawaida.

Walikwenda kwa muuza vitambaa, mmoja mmoja, na wengi walirudi na kiganja cha ziada. Wakamletea Kijino. Alishona siku za mvua, na mvua mwaka ule ziliamua kuwa na huruma, zikanyesha mfululizo. Mshono wake ulikuwa mdogo na wa karibu karibu kuliko wa Bibi alipokuwa kijana. Walimlipa kwa mchele, kwa sabuni, mwingine kwa kumvunjia lundo lake. Muhula ulipoanza, kengele ilipogongwa, sare tisa zilipanda njia kwa mstari mmoja, ndogo mbele, kubwa nyuma. Mlinzi alikuwa ameshafungua lango. Mahudhurio ya Kokoto yakawa bora kuliko ya mtaa wowote, na Mwalimu Mkuu akalitaja jambo hilo katika hotuba.

Mama Pacha alichelewa, alipata kitambaa baada ya wengine. Alikuja nacho asubuhi moja kavu, amekikumbatia. Pacha wake wa kike walikuwa na miaka saba, na nyundo zao zilikuwa za mpini uliokatwa nusu.

"Nakuachia, Bibi. Kijino atashona mvua ikirudi."

"Watoto wako wapi niwapime?"

"Wako kazini. Wapime kwa macho tu." Alikiweka kitambaa mezani, akakilainisha kwa kiganja. "Si hawatazivaa."

Bibi alikitazama kitambaa. Kisha akachukua kamba yake ya kupimia, akaizungusha shingoni, akaishika fimbo yake na kushuka chini penye mawe. Kushuka kulimchukua muda. Watu walimpisha njia, na Kijino, aliyekuwa upande wa pili wa machimbo, alisimamisha nyundo kumtazama, kisha akaendelea, mara mbili na kupumzika.

Pacha wa kwanza alikuwa ameketi juu ya gunia, miguu imezunguka lundo lake.

"Simama, mjukuu wangu. Nyoosha mikono hivi."

Mtoto alisimama, akanyoosha mikono yote miwili pembeni. Kwenye mmoja kulikuwa na nyundo.

"Weka chini hiyo kwanza."

Mtoto aligeuza macho kwenye kibanda cha Msimamizi, akamtazama tena Bibi, na hakuiweka. Mkono ulianza kutetemeka kwa uzito. Bibi alimsogelea, akaushikilia mkono ule kwa bega lake zima la kushoto ili upumzike, akapitisha kamba kifuani, chini ya nyundo, akafunga fundo la kipimo. Kisha akamwambia ageuke, apimwe mgongo.